Siku mbili kwenye maji ya moto ya Beppu



Tangu nirudi kutoka Japani, kila ninapopita mnaniuliza: "Mama, ulilala wapi? Ulikula nini? Ni kweli wale watu wanaoga pamoja?" Nimeona afadhali niwajibu wote mara moja hapa. Kuna pia jambo langu mwenyewe nitakalowaambia, ambalo wengi wenu hamjalisikia.

Kama mnavyojua, nilienda kwa mafunzo ya wauguzi, majuma sita. Mwishoni tulipewa siku ya posho na siku ya yenga ili tupumzike, na wenyeji wetu wakatupeleka Beppu, mji ulio kando ya bahari katika kisiwa cha Kyushu. Kutoka Fukuoka ni mwendo wa saa mbili hivi kwa treni. Tulikuwa wamama watano wa nchi mbalimbali, pamoja na mama mmoja Mjapani aliyetutafsiria kwa Kifaransa.

Beppu iko chini ya mlima wa volkano unaoitwa Tsurumi. Sisi tunaoishi na Nyiragongo tunaelewa mambo hayo bila kufundishwa. Waliofika Mai ya Moto kule Rutshuru, au waliovuka mpaka na kwenda Nyamyumba karibu na Gisenyi, wameona maji yakitoka ardhini yakiwa ya moto. Lakini Beppu ina chemchemi zaidi ya 2,000! Mvuke unatoka kando ya barabara na nyuma ya nyumba, ungefikiri mji mzima unapika maharagi saa moja. Chemchemi zinazochemka sana wanaziita "jigoku", maana yake jehanamu. Moja ina maji ya buluu, yenye joto karibu nyuzi 98, na nyingine ni nyekundu. Hizo ni za kutazama tu. Ya kuoga hupozwa kwanza.

Tulilala katika mtaa wa Kannawa, kwenye nyumba ya wageni ya desturi. Wao wanaita "ryokan". Mlangoni unavua viatu, unapewa sandali za ndani. Ukifika chumbani unavua hata hizo, kwa sababu chini ni mikeka ya majani iitwayo tatami, na haikanyagwi na kitu chochote isipokuwa miguu mitupu au soksi. Chooni kuna sandali nyingine za humo tu. Mimi nilisahau, nikatoka nazo hadi kwenye ukumbi. Binti wa kazi aliziona, akafunika mdomo kwa mkono, na sote tukacheka.

Chumbani hakuna kitanda wala kiti. Kuna meza fupi, mito ya kukalia, chai na kitu kitamu kidogo cha kumkaribisha mgeni. Godoro liko kabatini na hutandikwa chini jioni. Kila mtu anapewa vazi la pamba, yukata, linalofungwa kwa mshipi kama tunavyofunga kitenge. Angalieni: upande wa kushoto unalala juu ya ule wa kulia. Mwenzetu mmoja alifunga kinyume, na mama mwenye nyumba akaja mbio kumfunga upya. Tukaambiwa kwamba kinyume ndivyo wanavyomvika maiti.

Sasa chakula. Huko Kannawa wanapika kwa mvuke wa ardhi. Nyuma ya nyumba kuna majiko ya mawe na saruji, mvuke unapanda kutoka chini usiku na mchana. Unaweka viazi vitamu, mahindi, kabichi, mayai na samaki ndani ya kikapu, unafunika, unangoja. Hakuna makala, hakuna moshi machoni. Nilisimama pale nikihesabu gunia la makala nililoacha nyumbani limegharimu franka ngapi. Viazi vilitoka vitamu, na vilikuwa na chumvichumvi ya mvuke.

Baada ya hayo, kuoga. Hapo ndipo lilipo jambo langu.

Wanaume wana upande wao na wanawake wao, kila mlango na pazia lake. Unaacha nguo zote kwenye kikapu. Zote. Hata nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Unaingia na taulo moja dogo. Kwanza unakaa kwenye kigoda kifupi mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni toka kichwa hadi miguu, unajisuuza mpaka povu lote liishe. Ndipo unaingia polepole katika bwawa la maji ya moto, ukiwa safi tayari, kwa sababu maji yale ni ya wote. Taulo halitiwi ndani ya maji, wengine wanaliweka kichwani. Nywele ndefu zinafungwa. Hakuna kuogelea, hakuna picha.

Wenzangu walichukua mataulo yao. Mimi nikasema kichwa kinaniuma.

Wamama, miaka minne iliyopita nilikatwa titi la kushoto juu ya kansa. Mume wangu anajua, na mama yangu, na dada yangu mmoja. Ninyi hamkujua. Niliwaambia nimekwenda kumwuguza shangazi. Tangu siku ile ninajaza kitambaa upande mmoja wa nguo, na kila mwaka ninasimama mbele yenu kuwafundisha namna ya kujipima matiti, nikijificha mwenyewe.

Mama mkalimani hakuamini habari ya kichwa. Alikaa karibu nami kwenye mkeka, akangoja. Mwishowe nikamwambia. Hakushangaa. Aliuliza tu kama anaweza kumweleza mama mwenye nyumba, nikakubali. Baada ya dakika chache mama yule alileta kitambaa kilichokunjwa vizuri. Kumbe huko kuna vazi jepesi lililoshonwa kwa ajili ya wanawake waliokatwa titi, linalofunika kifua wakati wa kuoga. Kwa mwenye vazi hilo ule mwiko wa nguo haushiki. Sharti ni moja: lisuuzwe sabuni kabisa kabla ya kuingia majini. Niliambiwa pia kwamba tangu 2012 kuna umoja wa nyumba za wageni, katika nchi nzima, zinazopokea wanawake kama mimi bila kuwaaibisha. Maana yake tuko wengi mpaka watu wamefikiri namna ya kutupokea.

Nikaenda. Ndani kulikuwa na bibi mmoja mzee sana, mgongo umepinda, akijisugua. Alinitazama, akasogeza kigoda chake kidogo ili nipate nafasi. Nilipotaka kuinuka, akanionyesha kwa kidole mgongoni mwangu: povu lilikuwa limebaki. Akachota maji kwa beseni lake, akanimwagia mwenyewe, kama mama anavyomwogesha mtoto wake. Hatukuweza kusemezana hata neno moja. Niliingia majini, yalikuwa moto kweli, nikakaa hapo mpaka vidole vikakunjamana.

Asubuhi kabla ya jua nilirudi peke yangu, na lile vazi nililiacha chumbani. Nilikuwa ndani ya maji wakati wanawake wawili walipoingia. Moyo ulidunda. Waliinamisha vichwa kunisalimu, wakajiosha, wakaingia, wakafumba macho. Hakuna aliyeuliza kitu. Ni mara ya kwanza katika miaka minne mwanamke asiye wa damu yangu kuniona kifua wazi, nami sikukimbia.

Kwa yule atakayepata safari kama hiyo, mashauri machache:

Kunywa maji kabla na baada ya kuoga. Usiingie baada ya pombe au tumbo likiwa limejaa.

Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aulize daktari wake kwanza. Zamani sheria ya Japani ilihesabu mimba kati ya mambo yanayokataza kuoga maji hayo, ikaondolewa mwaka 2014. Hata hivyo mwenye mimba asikae sana, na aangalie asiteleze.

Mwenye chanjo au tatuu mwilini aulize mapema. Nyumba nyingi zinakataa tatuu, kwa sababu huko watu wanazifikiria kuwa alama za wahalifu. Mwaka 2013 mama mmoja Mmaori kutoka New Zealand alizuiwa kuoga huko Hokkaido juu ya alama za kabila lake usoni. Bibi zetu wenye chale wangepata taabu ileile. Nyumba nyingine zina bafu ndogo ya kukodi, unaoga peke yako au na jamaa yako.

Na hili ni la sisi wote hapa, hata tusipopanda ndege kamwe. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi, jitazame matiti na ujipapase. Ukikuta uvimbe, ngozi iliyovutwa ndani, au chuchu inayotoa damu, usingoje iume. Yangu haikuuma. Nenda hospitali juma lilelile, na usiende peke yako: mwambie mwenzako mmoja wa kikundi.

Mimi sikumwambia mtu, nikaogopa peke yangu miaka minne. Siku ya posho nitakuja mkutanoni bila kile kitambaa. Anayetaka kuuliza, aulize. Na kama kati yenu kuna mwingine anayeficha kama nilivyoficha, aje akae karibu nami.

Salamu kwa watoto.