Kimya cha Mkunazini

Kwetu Shinyanga maombi husikika mpaka barabarani. Kwenye mkesha kila mtu huomba kwa sauti yake, mchungaji ameshika maiki, kinanda hakipoi. Ukinyamaza, akina mama wa maombi watakuja kukuwekea mikono wakidhani una mzigo. Basi mzee mmoja Mwanglikana wa Unguja aliponialika tukasali bila kusema kitu, nilipanda boti pale Dar es Salaam nikiwa na hamu na wasiwasi pamoja.

Baada ya kama saa mbili za mawimbi tukashuka bandari ya Malindi, Unguja. Mshangao wa kwanza: Mji Mkongwe wenyewe haunyamazi! Vespa zinapiga honi vichochoroni, Darajani wachuuzi wanaita wateja, adhana ikianza msikiti mmoja inapokewa na mwingine. Nikajiuliza hicho kimya tutakipata wapi.

Mzee akanipeleka Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo. Kwanza tukainama kuingia vyumba vya chini, ambamo wageni huelezwa kuwa watumwa walifungiwa. Kisha tukasimama mbele ya sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu wa zege ndani ya shimo, minyororo shingoni.

Soko la watumwa la hapo lilifungwa mwaka 1873, enzi za Sultani Barghash. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, na Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi. Madhabahu, mzee alinieleza, iko pale iliposimama nguzo ya kuchapia watumwa. Akanionyesha na msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa mmisionari Livingstone.

Tukaketi. "Mwanangu," akaninong'oneza, "liite jina la Yesu moyoni, polepole, ukifuata pumzi. Basi."

Basi? Mimi niliyezoea kuomba mpaka sauti ikauke! Punde nikawa nawaza ada ya mtoto, nauli ya kurudi, bei ya pweza. Mzee alikuwa ameniambia mawazo ni ya kurudishwa tu, na hapo nikakumbuka uchungaji wa utotoni: ng'ombe akikengeuka kuelekea shamba la mtama, humhubirii, unamrudisha njiani, na kesho atakengeuka tena.

Adhana ya adhuhuri ikaingia dirishani. Nilimtazama mzee kwa pembe ya jicho nione kama atakereka. Hata hakutikisika. Kumbe kimya chake hakingoji mji unyamaze.

Ndipo macho yakanirudi kwenye madhabahu. Nyumbani huwa nina neno la kila msiba. Hapa, mbele ya mahali walipochapwa watu wenye mama zao, kila neno nililolifikiria lilikuwa jepesi mno. Kukaa tu mbele za Mungu kukawa ndiyo sala pekee niliyoweza kuitoa bila kujidanganya.

Kesho yake tukaenda Minara Miwili, kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Misa ya asubuhi ilikuwa imekwisha, wanawake wachache wamepiga magoti, hakuna anayeongoza. Nikauliza kama mambo haya ya kusali kimya yaliletwa na Wazungu. Mzee akacheka. Yalikuwapo majangwani Misri, akasema, tangu karne ya 4, kwa watawa akina Antoni. Wazungu ndio waliojifunza huko. Hata Mbenediktini John Main, aliyefungua kituo cha tafakari jijini London mwaka 1975, aliwarejea watawa wa jangwani. Nilifurahi kupita kiasi: nilidhani nimekuja kuonja cha ugenini, kumbe ni cha Afrika.

Mikesha sijaiacha, na shangwe ina mahali pake. Ila kanisa linalojua kupaza sauti tu limejifunza nusu ya sala. Nawe ukifika Mkunazini, kiongozi wa watalii akimaliza maelezo, usikimbilie kupiga picha. Omba uachiwe robo saa, ukae kwenye benchi.