Kisu na Risasi

Aliyezaliwa Makunduchi, akakulia miongoni mwa wasasi wa mbwa na nyavu, hakudhani kwamba siku moja angesimama mbele ya kabati la vioo huko Pennsylvania, Marekani, akitakiwa achague baina ya namba. Kwao paa husukumwa na mbwa hadi wavuni, na mtu wa kwanza kumfikia huwa na kisu mkononi. Hapa paliandikwa .243, .30-30, .308 na .30-06, na muuzaji alizitamka kama mtu atajaye majina ya watoto wake.

Namba ya mwanzo hutaja kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi. Ile .243 ni milimita 6 na ushei; tatu zilizobaki hurusha risasi za unene mmoja, takriban milimita 7.8, zikatofautiana kwa ukubwa wa ganda na wingi wa baruti. Bunduki ya .30-30, iliyotoka mwaka 1895, husukuma risasi ya gramu 11 kwa mwendo wa mita 670 hivi kwa sekunde. Ile .30-06 ya mwaka 1906 iliundwa kwa ajili ya jeshi, na risasi yake ya gramu 9.7 hukaribia mita 890. Muuzaji alimpendekezea .243 ya mwaka 1955: risasi ya gramu 6.5, nyepesi, haimpigi mtu bega.

Akainunua. Ilikuwa mwaka 2006, na sababu yake haikuwa bega. Alitaka mnyama aanguke angali hai, ili amwahi kwa kisu.

Mnyama mwenyewe, yule wa mkia mweupe, Kiswahili hakina jina lake hasa. Wafasiri wa Biblia walimwita ayala. Wengine humwita kulungu, naye kulungu ni mwingine kabisa. Yeye humwita paa, ingawa dume lake huzidi kilo sitini na paa wa Unguja hubebeka kwapani.

Darsani alikosomea, mwalimu alikuwa amewaeleza hadithi ya Adiy bin Hatim: kilichochomwa kwa ncha huliwa, kilichopigwa kwa ubapa kikafa ni mzoga. Alisikia pia kwamba vitabu vimekataza mnyama aliyeuawa kwa bunduki. Miaka mingi hakujua kwamba neno hilo, katika Kiarabu cha vitabu vile, lilikuwa kidonge cha udongo kilichokaushwa, ambacho huua kwa kishindo wala hakitoboi. Silaha ya baruti ilikuja baadaye ikalirithi jina, na hukumu ikataka kuifuata. Imamu Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliiona tofauti hiyo, akahalalisha kilichouawa kwa risasi kwa kuwa hupenya. Wako waliompinga. Mtu wa pwani, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, hupenda kutoka katika khitilafu kama hiyo kwa kuchinja, na hapo ndipo hesabu yake ilipokosea.

Jumatatu ya baada ya sikukuu ya Shukrani, ambayo hadi mwaka 2018 ndiyo iliyokuwa ikifungua msimu wa bunduki kule, alipiga jike kwa umbali wa mita themanini. Mkono ulimpotoka, risasi ikaingia nyuma ya mapafu, na kwa wepesi wake haikutokea upande wa pili. Tundu dogo halitoi damu ya kufuatwa. Alitafuta matone thelujini kwa saa mbili, akamkuta amekufa chini ya msonobari, mdomo wazi. Mnyama aliyetoweka machoni kisha akaonekana maiti, mafakihi wa Kishafi wamekhitilafiana juu yake. Yeye hakuwa na moyo wa kuchagua kauli nyepesi. Nyama alimpa jirani asiye Mwislamu. Usiku ule hakumfikiria sana jirani wala nyama. Alizifikiria zile saa mbili.

Msimu uliofuata alikuja na .308, risasi ya gramu 9.7. Sheria ya kule yenyewe inataka risasi ya kulungu iwe ya risasi tupu au ya kufumuka inapogonga. Inayofaa hufumuka, ikapita mapafu yote mawili, ikatoka. Mnyama hukimbia hatua chache, huanguka, na damu humtoka kwa wingi, karibu kama ya koo. Kumbe bunduki yenye nguvu ndiyo iliyomkaribisha zaidi na kisu. Mwaka 2008, wakuu wa afya wa North Dakota walipoziambia ghala za chakula cha msaada zitupe nyama ya kusaga ya kulungu kwa sababu ya chembe za madini ya risasi, akahamia risasi za shaba tupu. Ni ghali, lakini hazipukutiki nyamani, na wanaokula ni wanawe.

Hutamka Bismillahi kabla ya kufyatua. Kisu hukaa mfuko wa kulia wa koti la rangi ya machungwa.

Jioni humpigia simu mama yake.

“Umemwahi, mwanangu?”

“Nimemwahi, mama. Macho yalikuwa bado yanacheza.”

Mama hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama huko kuna baridi.