Mohammed Rafi na Fundi Cherehani wa Kiwalani

Katika vitu ambavyo binadamu hupewa bila ya kuviomba, sauti ni kimojawapo. Sura twaweza kuipamba, na mavazi twaweza kuyabadili kila siku, lakini sauti hutoka kama ilivyoumbwa. Kwa hiyo si ajabu mtu kupendwa kwa sauti yake tu, na watu wasiopata kumwona uso wala kuijua lugha yake. Nataka kueleza hapa habari ya mtu mmoja wa namna hiyo, Mohammed Rafi, mwimbaji wa nyimbo za sinema za Kihindi. Na pamoja naye habari ya mtu mwingine aliyempenda, ambaye alikuwa fundi cherehani wa Kiwalani na baba yangu mzazi. Wa kwanza hana haja ya sifa zangu. Wa pili ananidai.

Rafi alizaliwa tarehe 24 Desemba 1924 katika kijiji cha Kotla Sultan Singh, nchi ya Punjab. Husimuliwa kwamba utotoni alikuwa akimfuata fakiri mmoja aliyepita kijijini akiimba, akaiga nyimbo zake mpaka majirani wakamtambua. Baadaye alikaa Lahore, na kutoka huko alikwenda Bombay kutafuta riziki ya uimbaji. Sinema ya Baiju Bawra ya mwaka 1952, ambayo muziki wake ulitungwa na Naushad, ilieneza jina lake mbali. Mwaka 1967 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Alifariki Bombay tarehe 31 Julai 1980, umri wake miaka 55, akiwa ameacha nyimbo elfu kadhaa.

Msomaji asiyezijua sinema hizo yafaa aelezwe kazi yenyewe ilivyokuwa. Mchezaji anayeonekana kiooni hufumbua kinywa na kutikisa kichwa, lakini sauti isikikayo si yake. Ni ya mtu mwingine, aliyeiimba kabla, chumbani, mbele ya chombo cha kunasia sauti, wala hatokei kabisa katika picha. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Rafi kwa miaka zaidi ya thelathini. Alipomwimbia Dilip Kumar, sauti yake ilikuwa na utulivu na huzuni; alipomwimbia Shammi Kapoor, ilirukaruka kama kijana mwenyewe alivyorukaruka; na alipomwimbia Johnny Walker, mchekeshaji, ilipinda ikawa ya mzaha. Watazamaji walitoka wakiisifu sura, na mwenye sauti alibaki nyuma ya pazia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lata Mangeshkar, mwimbaji mwenzake mkubwa, alidai kwamba waimbaji wapewe sehemu ya mapato ya santuri zao. Rafi alishikilia kwamba mwimbaji akisha kulipwa ujira wake, dai lake limekwisha. Wakakosana, na kwa miaka kadhaa hawakuimba pamoja. Mimi naona kwamba katika shauri lile Lata ndiye aliyekuwa na haki, kwa kuwa wasanii wengi wamekufa maskini huku nyimbo zao zikiwatajirisha wengine. Walakini siwezi kuacha kumstahi mtu aliyekitoa kitu chake kizuri kuliko vyote akakisahau, kama mtu aliyempa mpita njia maji.

Sauti hiyo ilifika pwani yetu kwa njia ya sinema. Unguja, Mombasa na Dar es Salaam watu wa kila kabila walijipanga mbele ya majumba ya sinema kungoja picha za Kihindi, na wengi wao hawakujua katika lugha ile maneno zaidi ya matatu au manne. Hawakuridhika kusikiliza tu. Watunzi wa taarabu walizichukua tuni wakazivika mashairi ya Kiswahili. Na katika kazi hiyo hapana aliyesifika kupita Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Mgeni aliyekuja na nguo za kwao alipewa kanzu, akakaribishwa barazani, na baada ya muda watoto wa nyumba wakasahau kwamba alikuwa mgeni.

Baba yangu hakuwa mtunzi. Yeye alijitungia njia ya tatu, nayo ndiyo iliyoniponza.

Tulihamia Kiwalani mwaka 1975. Wakati ule minazi ilikuwa mingi na nyumba chache. Upande mmoja kulikuwa na barabara ya Pugu, ambayo sasa huitwa ya Nyerere, pamoja na viwanda vyake. Upande mwingine kiwanja cha ndege. Baba aliweka cherehani yake barazani, na juu ya kiti kando yake redio ya kaseti. Kanda zake zilikuwa za Rafi, isipokuwa mbili. Aliimba naye mchana kutwa huku miguu yake ikikanyaga cherehani. Ndege iliposhuka, ilikuja chini sana juu ya mapaa yetu, na ngurumo yake iliimeza redio yote; midomo ya baba iliendelea kwenda. Ndege ilipokwisha kupita, tulimkuta yeye na Rafi mahali pamoja katika wimbo, hawakupishana hata kidogo.

Lakini maneno aliyoyaimba hayakuwa Kihindi. Yalifanana na Kihindi kama kivuli kinavyofanana na mti. Miaka na miaka alikuwa ameyasikia kwa sikio la mtu asiyeijua lugha, na mahali palipompotea alijaza silabi zake mwenyewe, na mara moja moja neno la Kizaramo. Wimbo alioupenda kupita zote ulikuwa mmoja wa sinema ya Neel Kamal ya mwaka 1968, wenye muziki wa Ravi na maneno ya Sahir Ludhianvi. Sinema hiyo aliiona ujanani mjini, ama Avalon ama Odeon, hakukumbuka ipi. Wimbo huo alimwimbia mdogo wangu wa kike tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

Mwaka 1987 niliingia chuo kikuu. Wenzangu waliopata bahati hiyo wanaijua homa ya mwaka wa kwanza: mtu amesoma vitabu kumi, naye huona kwamba wasiovisoma wanamngoja awafundishe. Nilirudi nyumbani likizo nikamkuta baba anaimba mbele ya wateja watatu. Nikasema, kwa sauti ya kutaka kusikiwa, “Baba, hicho unachokiimba ni nini? Si Kihindi hicho, wala si lugha ya binadamu yeyote. Waujua maana yake?” Wateja walicheka. Baba naye alicheka, kisha akainama akakata uzi kwa meno. Tangu siku ile redio iliimba peke yake.

Sikuona wakati ule kwamba nimefanya jambo. Mama aliona, akanyamaza, kama ilivyokuwa desturi yake mpaka mtu ajionee mwenyewe.

Mwaka 1989 mdogo wangu aliolewa. Jioni ya kumtoa, vigelegele vilikuwa vimejaa uani, na gari la bwana harusi lilikuwa limekwisha geuzwa kuelekea barabarani. Bibi harusi alisimama mlangoni, haendi. Shangazi akamwambia baba, “Kaka, mwimbie mwanao ule wimbo wake, atoke.” Watu wakanyamaza kungoja. Baba akatazama chini, akasema, “Mimi sina maneno yake, dada. Waimbieni nyinyi mnaoyajua.” Basi kina mama wakaimba wimbo mwingine, mzuri, na mdogo wangu akaenda zake.

Miezi michache baadaye nilikaa bwenini na mwanafunzi mwenzangu kutoka Upanga, ambaye Kihindi alikipata nyumbani kwa mama yake. Kanda ilikuwa ikiimba, na wimbo wa Neel Kamal ukafika. Nikamwuliza una maana gani. Akaniambia kwamba ni wimbo wa kumuaga bibi harusi. Ni dua ya baba kwa binti yake siku anapotolewa kwenda kwa mume. Akaendelea kunifasiria beti moja baada ya nyingine, lakini mimi sikumsikia tena.

Jumamosi ile nilikwenda Kiwalani. Nilikuwa nimeandika tafsiri yote katika karatasi, kama mtu apelekaye fidia. Baba alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kusimamisha cherehani. Kisha akasema, “Mwanangu, ile sinema niliiona mara tatu. Nilijua ni wimbo wa kumtoa mtoto. Ndiyo maana nilimwimbia yeye, nyinyi wa kiume sikuwaimbia.” Akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia katika mtoto wa meza mlimokuwa na vifungo. Sikumwuliza kwa nini basi hakuimba siku ya arusi. Jawabu nilikuwa nalo.

Nimeishi na jambo hilo muda mrefu, na katika ualimu wangu limenisaidia kuliko vitabu vingi. Sisemi kwamba maana ya maneno ni kitu duni. Kazi yangu ni maneno, na mtu hakatai jembe analolimia. Wala sisemi kwamba baba alijua Kihindi kwa muujiza. Alikuwa na macho ya kumtazama mzazi aliyeonyeshwa kiooni, na masikio ya kumsikia Rafi akiimba kama mzazi yule. Hayo yalimtosha. Mimi nilimdai maneno, nami wakati ule sikuwa na wimbo wala maneno yake. Rafi aliitia sauti yake katika vinywa vya watu wengine, asiwaulize wanastahili nini. Kinywa kimoja kilikuwa Kiwalani, nami nikakifunga.

Baba alifariki mwaka 2011. Mwezi wa Februari 2022, ilipokuja habari ya kufa kwa Lata Mangeshkar, mdogo wangu alikuwa amekuja Kiwalani kunitembelea, naye sasa ni bibi mwenye wajukuu. Tuliketi barazani pale pale. Akaanza kuvumisha wimbo wa Neel Kamal, kisha akaimba, nami nikashtuka, kwa maana hakuimba maneno ya Sahir. Aliimba ya baba: silabi zote za uongo, na lile neno la Kizaramo mahali pake.

Nikamwomba anifundishe. Ndege ilipita, tukangoja, tukaanza tena. Tafsiri ya kweli naijua kwa moyo tangu mwaka 1989, lakini katika yale maneno ya baba nilikosea mara mbili, na mara zote mbili mdogo wangu alinisahihisha.