Tulipokuwa Tukilala kwa Wenyeji

Nilikuwa mtunza maleba na mwigizaji wa sehemu ndogo ndogo katika kikundi cha Ganjoni, Mombasa, kilichozunguka shule za sekondari kikiigiza vitabu vya kutahiniwa, vile ambavyo wanafunzi wa Kenya wote huviita setibuku. Askari, mjumbe, mzee wa kijiji, maiti inayobebwa: zote nilizicheza. Mazoezi tulifanyia mtaani, na tulipobahatika kupata jukwaa la kweli tuliingia Little Theatre Club, hapo hapo Ganjoni. Kitabu cha Kiswahili miaka hiyo ya 2000 kilikuwa Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia. Baadaye kikaja Mstahiki Meya cha Timothy Arege, kisha Kigogo cha Pauline Kea, na sasa Bembea ya Maisha, cha Arege tena. Kitabu kilipobadilishwa tulibadilisha mavazi na mistari, lakini njia zilibaki zile zile: Kwale hadi Vanga, Kilifi hadi Malindi, Tana, Lamu, na Taita kule juu.

Kuzunguka na tamthilia hatukukuanzisha sisi. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na jumba lake la maigizo la kusafiri tangu 1965, chini ya David Cook, na Nairobi ikafuata katika miaka ya 1970. Hao waliwapelekea watu maigizo bure. Sisi tulilipwa kwa kichwa cha mwanafunzi, na ada ikichelewa, nauli ilichelewa pia.

Safari za kusini zilianzia miguuni. Kivuko cha Likoni hakimtozi mtu anayevuka kwa miguu, kwa hiyo tuligawana mizigo alfajiri tukashuka nayo hadi feri: mmoja kabeba kiti cha enzi kichwani, mwingine mikuki ya mbao iliyofungwa kwa kamba ya katani, mimi na sanduku la bati lenye majoho. Ng'ambo ya pili tulitafuta matatu ya Ukunda au ya Msambweni, na utingo alipokiona kiti cha enzi mazungumzo ya nauli yalianza upya.

Lakini ninalotaka kulieleza ni malazi, kwa sababu humo ndimo nilimoona kazi yetu ikibadilika.

Mwanzoni tulilala shuleni au kwa wenyeji. Mkuu wa shule alipokubali onyesho, alikubali pia kutulaza, bila mkataba wala bei. Wanaume tulipewa darasa au kona ya bweni, na wenzetu wa kike walichukuliwa na matroni au na mwalimu wa Kiswahili nyumbani kwake. Tulikula walichokula wanafunzi, githeri au ugali na sukuma, na kengele ya alfajiri ilituamsha pamoja nao. Vijana walituzunguka usiku kwa maswali ya Kifo Kisimani: kwa nini Gege alikubali kuhongwa? Mtawala Bokono ni mwoga au ni katili? Tulijibu tukiwa tumekaa juu ya vitanda vyao vya chuma, miguu ikining'inia, na kesho yake tulipopanda jukwaani tulikuwa tunaongea na watu tuliokwisha kujuana nao.

Mara nyingine darasa halikuwepo, tukagawiwa vijijini. Vanga nililala kwenye kitanda cha teremka-tukaze kilicholegea kamba hata nikawa nimezama katikati yake mpaka asubuhi. Mwenye nyumba, mvuvi, aliniona natoka nimejishika kiuno. Hakusema neno. Akakipindua kitanda uani, akaanza kukaza kamba moja moja kwa mguu na mkono, huku akiniuliza mchezo wetu unahusu nini. Alipomaliza alikuwa ameshajua hadithi nzima, na saa nne alikuwa nje ya ukumbi wa shule na wanawe, amesimama dirishani.

Taita ilitufunza adabu ya baridi. Sisi watu wa kisiwani tulipanda Wundanyi na mashuka mawili na moyo mkunjufu. Usiku wa kwanza ulipoingia nilifungua sanduku na kugawa maleba: mtawala akalala na joho lake, askari wakalala na makoti yao, na aliyekuwa anacheza mama akajifunga kanga zote za onyesho. Asubuhi mama mmoja jirani wa shule aliposikia, alikuja na mablanketi mabegani na sufuria ya uji. "Nyinyi watoto wa Mombasa," alisema, "mwaja huku mwadhani ni kwenu?" Kila tulipopanda Taita baada ya hapo, tulipita kwake kwanza.

Nyumba za kulala wageni tulizijua pale tulipokosa wenyeji, na hizo zina mikasa yake. Katika mji mmoja wa barabarani huko Tana, vyumba tulivyowekewa vilikuwa vimeshapewa wasafiri wa basi lililoharibika. Tulilala stooni, kati ya magunia na kreti za soda, mikuki yetu imesimamishwa ukutani. Mji mwingine tulipata vyumba vyema, vimepakwa rangi mpya, na tukatoka na kunguni. Hawakutudhuru miilini tu. Waliingia kwenye mishono ya joho la Bokono. Joho lile lilikuwa la kitambaa kizito chekundu, lenye tabaka mbili, na mdudu akishakaa kwenye pindo hatoki kwa kupigwa jua. Niliazima pasi ya makaa kwa fundi cherehani, nikalitandaza joho juu ya meza yake, nikapitisha ncha ya pasi mshono kwa mshono, polepole, kutoka kola hadi pindo la chini, nikisikia vile vidoti vikipasuka chini ya chuma. Kitambaa kiling'aa kidogo kila pasi ilipokaa zaidi ya kiasi. Mng'ao ule ulibaki mpaka joho lilipostaafu.

Kuna jambo zito zaidi la vyumba hivyo, nami sitalipitia juu juu. Wenzetu wa kike waliteseka kuliko sisi. Milango isiyo na komeo, choo cha nje chenye taa iliyoungua, walevi wa baa ya chini wanaopanda ngazi usiku wakijaribu kila mlango. Walisukuma meza na kiti cha enzi mlangoni ndipo wakalala, na kulala kwenyewe kulikuwa kwa zamu. Mmoja wao, mwigizaji bora tuliyepata kuwa naye, aliacha kazi kwa ajili hiyo tu. Anayeililia enzi ile na asilikumbuke hili, anakumbuka nusu.

Pamoja na hayo, malazi ya mbali yalitupa kitu ambacho mazoezi ya Ganjoni hayakuweza kutupa, nacho ni siku za katikati. Onyesho liko Jumatatu Kilifi na Jumatano Malindi. Jumanne ni ya nani? Ndipo tulipozunguka. Tulishuka Gede, tukaingia kwenye magofu ya mji ule uliohamwa katika karne ya 17, ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Mwenzetu aliyecheza mtawala alisimama katika ua wa jumba la kifalme, pale panaposemwa mashauri yalisikilizwa, akapima kwa macho umbali wa kutoka kwa anayekaa hadi kwa anayelalamika. Tangu siku hiyo alikataa raia wamsogelee jukwaani. Na visima! Gede imejaa visima, na kipo kilichoongezwa kina baadaye, maji yalipozama. Kukauka kwa maji ni miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuuacha mji. Tulichungulia ndani tukanyamaza. Tulikuwa tunaigiza kisa cha watu na kisima, na hatukuwa tumewahi kufikiri kwa dhati kisima ni nini kwa mji usio na mfereji.

Safari iliyotubadilisha kuliko zote haikupangwa. Tulikuwa njiani kwenda Witu msimu wa masika, barabara ya Garsen ikiwa bado ya udongo, na basi likazama hadi ekseli. Onyesho likaahirishwa. Mwalimu aliyekuja kutupokea akaona hawezi kutuacha pale, akatupeleka kwa jamaa zake Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Karibu na hapo, kandokando ya mto, ndiko Ozi, na wenyeji husema kaburi la shujaa Fumo Liyongo liko huko.

Kila aliyesoma fasihi simulizi anakijua kisa chake. Liyongo hakuwa wa kuuawa kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Aliyetumwa kumchoma ni mwanawe, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Naye Mwelusi wa Kifo Kisimani anauawa kisimani na nduguye Gege, aliyeahidiwa binti wa mtawala. Tulikuwa tukilieleza hilo kwa wanafunzi kila siku kama pointi ya mtihani.

Jioni ile, uani, wenyeji walitaka kuona japo kipande. Tukawachezea kifo cha Mwelusi chini ya taa ya karabai. Mwenzetu akachomwa, akapiga ukelele, akaanguka kifudifudi kama tulivyozoea. Watoto wakapiga makofi. Babu mmoja, mwenye nyumba, hakupiga. Alimwita: "Ndoo, mwanangu, ukae kitako." Kisha akamweleza kwa utaratibu kwamba Liyongo hakuanguka. Alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akauvuta upinde, akafa hivyo, mshale ukiwa umeelekezwa mjini. Watu wakakaa siku na siku bila kuthubutu kwenda kuchota maji, wakidhani yu hai. "Mtu wa namna hiyo," alisema, "ukimuangusha kama gunia umemuua mara ya pili." Akainuka mwenyewe, kwa shida ya magoti yake, akamwonyesha: goti la kulia chini, mgongo wima, jicho mbele.

Barabara ilipokauka tukafika Witu. Mwelusi akafa kwa goti. Alibaki vile, amekabili wanafunzi, na Gege akashindwa kumpita. Ukumbi ule ulikuwa wa mabati, umejaa vijana wa kidato cha tatu na cha nne ambao kwa kawaida kifo huwachekesha. Hakuna aliyecheka. Hatukurudi kwenye mwanguko wa zamani tena, na hakuna mwelekezi yeyote aliyetupa kile tulichopewa na babu yule kwa malipo ya taa ya karabai na kikombe cha kahawa tungu.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mwaka 2007 M-Pesa ilikuja, na hilo lilikuwa heri tupu: hatukutembea tena na fedha zote kwenye soksi, na kikundi kilichokwama kilitumiwa nauli palepale. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na kwa kila bweni lililoungua baadaye walimu wakuu walizidi kuhofia mgeni anayelala ndani ya ua wa shule. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni huko Lamu, Juni 2014, njia ya Lamu ikawa ya misafara yenye walinzi. Nani tena angepinda kwenda Kipini kwa sababu basi limezama? Mwaka 2016 muhula wa tatu ulifungiwa wageni ili kuzuia wizi wa mitihani, na ratiba yetu ikabanwa kwenye mihula miwili ya mwanzo. Mwaka 2017 treni ya SGR ikaanza, na Voi ikawa mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 walimu wengi walikuwa wamezoea kuonyesha tamthilia zilizorekodiwa, ukutani kwa projekta. Njia ya Garsen hadi Lamu nayo ikapata lami.

Siwezi kuilaani lami. Mama mwigizaji mwenye mtoto mchanga sasa anaigiza Malindi na kulala kwake Ganjoni, mlango umefungwa kwa ufunguo wake mwenyewe. Hilo ni haki yake na limechelewa sana.

Ila nimekaa nyuma ya kumbi siku hizi nikatazama vijana wetu wakicheza Bembea ya Maisha. Wanajua mistari kuliko tulivyoijua, sauti zinafika, taa ni nzuri. Wanashuka kwenye gari, wanacheza, wanapiga picha, wanapanda gari. Wanacheza wazee wa kijijini bila kuwahi kulala kijijini, na mimi huisikia sauti ya mzee huyo ikitoka Ganjoni moja kwa moja.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10, na mwaka 2027 mtihani wa KCSE unafanywa kwa mara ya mwisho. Katika sekondari ya juu sasa kuna mkondo wa sanaa na michezo, na humo somo la maigizo na filamu. Kwa hiyo kumbi zitatuhitaji tena, na ratiba zinapangwa upya. Ombi langu kwa walimu wakuu na kwa viongozi wa vikundi ni dogo na linawezekana: katika kila ziara wekeni usiku mmoja wa kulala. Usiwe wa lojingi. Uwe wa nyumba za walimu na za wazazi, zilizojulikana na kukubaliwa mapema, wanawake kwa familia zenye wanawake, majina yameandikwa ofisini. Na jioni ya usiku huo, wachezeeni wenyeji kipande kimoja uani, kisha muwaachie wazee waseme.