Barua kutoka Uingereza: Intaneti huulizwa kipimo kabla ya bei

Uingereza, mwenye waya na muuza intaneti mara nyingi si mtu mmoja. Sehemu kubwa ya nchi hutumia nyaya za Openreach, kampuni iliyo chini ya BT tangu ilipoundwa mwaka 2006. Openreach haimuuzii mwananchi chochote. Inazikodishia njia BT, Sky, TalkTalk, Vodafone na wengine wengi, na hao ndio wanaoleta ankara. Majirani wawili wanaweza kuungwa kwenye kabati moja la kijani kando ya barabara, lakini mmoja akalipa zaidi ya mwenzake kila mwezi. Ndiyo maana swali lisilokoma kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, "Huko kampuni gani nzuri?", linakera. Linataja kampuni kabla ya kujua nyumba inafikiwa na waya gani.

Kwa hiyo kazi huanza na anwani. Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huku, ina ukurasa ambao mtu huandika postikodi yake akaonyeshwa huduma zinazofika mlangoni pake. Kuna nyumba zenye Openreach tu. Nyingine, hasa za mjini, zinafikiwa pia na Virgin Media, CityFibre, Hyperoptic, au Community Fibre kwa walio London. Kampuni changa za mtaani hazifai kupuuzwa kwa sababu tu majina yake hayajazoeleka; zinatafuta wateja mtaa kwa mtaa, na mara nyingi bei zake zinaonyesha hivyo.

Kisha inafuata aina ya waya. Faiba inayoishia kwenye kabati, halafu ikamalizia kwa waya wa shaba hadi nyumbani, kikomo chake ni kama megabiti 80 kwa sekunde, na kasi hushuka kadiri nyumba ilivyo mbali na kabati. Faiba inayoingia hadi ndani hufikia megabiti 1,000 na kuendelea. Kwa miaka mingi zote mbili zimeuzwa kwa jina la faiba, kwa hiyo mnunuzi aulize faiba yenyewe inaishia wapi. Wala si lazima kukimbilia kasi kubwa kabisa: Netflix inapendekeza megabiti 5 kwa picha ya HD, na familia ya watu wanne hutosheka na megabiti 50 au 60 bila kugombana.

Bei ndiyo yenye mitego. Mikataba mingi ni ya miezi 18 au 24, na kampuni nyingi hupandisha bei kila Aprili. Tangu Januari 2025 Ofcom inazitaka ziseme mapema, kwa pauni na peni, zitapandisha kiasi gani. Chukua mtu anayesaini mkataba wa miezi 24 mwezi Februari kwa pauni 25, wenye nyongeza ya pauni 4 kila Aprili. Atalipa 25 kwa miezi miwili tu, kisha 29 kwa miezi 12, kisha 33 kwa miezi 10: jumla pauni 728. Jirani aliyechukua pauni 29 isiyobadilika atalipa 696. Mkataba ukiisha bei huruka tena, na hapo ndipo watu wengi husahau kuhama. Kuhama kwenyewe kumerahisishwa: tangu Septemba 2024, mteja huzungumza na kampuni mpya tu, nayo humalizana na ile ya zamani.

Mgeni aliyewasili karibuni hukwama mahali pengine, kwa kuwa kampuni nyingi hukagua historia yake ya mikopo, naye hana. Atafute mkataba wa mwezi mmoja mmoja, au aanze na laini ya simu yenye data. Anayepokea ruzuku ya serikali iitwayo Universal Credit aulize bei ya kijamii, yaani ya nafuu kwa wenye kipato kidogo. Nyingi hazizidi kama pauni 20.

Lakini tofauti kubwa na nyumbani Tanzania ni kipimo. Kampuni zilizosaini kanuni za Ofcom humpa mteja kasi ya chini kabisa inayoahidiwa nyumba yake. Ikishuka chini ya hapo na isirekebishwe ndani ya siku 30, anaondoka bila faini. Kwa kampuni zilizo katika mpango wa fidia ulioanza mwaka 2019, huduma ikikatika na kukaa siku mbili za kazi bila kutengenezwa, mteja hulipwa kwa kila siku inayozidi. Fidia hiyo ilianza kwa pauni 8.

Nyumbani, mama wa Kariakoo akiona mizani imepinda, mchele utapimwa upya. Mama huyohuyo hununua bando bila kuuliza kasi, wala nini hufuata likiisha. Nyumba yenye watu wanne, kila mmoja akinunua bando la Sh1,000 kwa siku, inateketeza Sh120,000 kwa mwezi, na kila mmoja bado anamzimia mwenzake data. Intaneti yenyewe iko karibu: mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy imefika Dar es Salaam tangu 2009 na 2010. Watu wazima wanaoelewana kuchangia msiba ndani ya saa moja hawashindwi kuchangia laini moja ya nyumba.

Hata mtaa unaweza. Vijijini Lancashire, kampuni kubwa ziliposema hakuna faida, wanakijiji mwaka 2011 walianzisha mtandao wao, B4RN: wakauziana hisa, wakulima wakaruhusu mitaro ipite mashambani mwao, watu wakachimba wenyewe, na kwa miaka mingi gigabiti moja ikauzwa pauni 30 kwa mwezi. Kibera, Nairobi, TunapandaNET ni mtandao wa jamii pia.

Kabla ya kulipia, basi, jirani aulizwe kasi ya saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Kampuni iulizwe kasi ya kupakia na ya kupakua, kiwango ambacho kikipitwa kasi hupunguzwa, gharama ya ruta, na muda wa fundi kufika. Majibu yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Huduma ikiwa mbovu, malalamiko yaanze kwa kampuni yenyewe. Ikikaa kimya, yapelekwe TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, pamoja na ujumbe huo, na kwa walio Kenya, yaende Mamlaka ya Mawasiliano ya huko.