Safari ya Papa Mpaka Newala

Siku ya soko hapa Masasi, pita chini ya milima yetu ya mawe, uwatafute wauza samaki. Huna haja ya kuuliza njia. Papa mkavu hunuka kabla hujamwona. Amepasuliwa, ametiwa chumvi, ameanikwa juani. Kipande kimoja chatosha sufuria nzima ya mchuzi wa nazi, na ugali wa muhogo unashuka vizuri.

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni mikorosho, mihogo na mbuzi. Lakini siku moja mama mmoja muuzaji aliniambia hivi: "Mwanangu, zamani niliuza papa vipande vipande. Siku hizi wananiletea wazimawazima, wadogo kama mkono wangu." Maneno hayo yalinifanya nifunge safari. Twende pamoja.

Kutoka Masasi gari linapanda uwanda wa Makonde mpaka Newala. Tusimame kidogo pale Shimo la Mungu. Ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaliona bonde la mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Bahari huioni. Hata hivyo, bahari imo katika sahani yako kila unapokula papa.

Tunaendelea. Tunapita Tandahimba na Nanyamba, kati ya mikorosho, kisha tunashuka mpaka Mtwara. Asubuhi nilikwenda Feri, mahali watu wanapovukia kwenda Msangamkuu. Mashua zilikuwa zinarudi. Wavuvi walitega jarife usiku. Jarife ni wavu wenye matundu makubwa, hutegwa kwa ajili ya papa, taa na samaki wengine wakubwa.

Mvuvi mmoja mzee alinionyesha kazi yake. Papa hatupwi ovyo. Mapezi hukatwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara. Hayo husafirishwa mpaka China na nchi jirani zake, na huko hupikwa supu ya bei kubwa. Ini hutolewa mafuta yaitwayo sifa, ambayo hupakwa vyombo vya baharini ili mbao zisiharibike. Nyama hutiwa chumvi upesi. Kwa nini upesi? Mwili wa papa una urea, kitu kilekile kilichomo katika mbolea ya urea tunayoijua sisi wakulima. Papa akifa, urea hiyo hugeuka kuwa amonia. Ndiyo harufu ile kali inayotupiga puani sokoni.

Kisha mzee alimpasua papa jike. Tumboni mlikuwa na watoto. Niliwahesabu, walikuwa wanane. Nikamwuliza, "Mzee, huyu si angeachwa azae?" Akanijibu, "Bwana Shamba, jarife halina macho. Nilipolivuta alikuwa amekwisha kufa. Na nyumbani wananingoja."

Sikuwa na la kumjibu. Lakini usiku ule nilifikiri juu ya mbuzi.

Ndugu msomaji, samaki wengi hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Papa si hivyo. Aina nyingi za papa na taa huzaa watoto hai, tena wachache. Mimba yaweza kuchukua karibu mwaka mzima. Papa wengine hukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Kwa hiyo usimfikirie papa kama dagaa. Mfikirie kama ng'ombe. Mfugaji anayechinja mitamba yake yote, pamoja na majike yenye mimba, atabaki na zizi tupu.

Zizi tupu si hadithi. Waulize wazee wa pwani habari za papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno pande mbili. Zamani alikuwapo. Leo amekaribia kutoweka katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na vijana wengi hawajapata kumwona.

Serikali na nchi nyingine zimeanza kuchukua hatua. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kusini ya Mtwara. Tanzania imo pia katika mkataba wa mataifa, uitwao CITES, unaosimamia biashara ya wanyama walio hatarini. Tangu 2014, papa wenye kichwa kama nyundo, pamoja na mapezi yao, hawaruhusiwi kuuzwa nchi za nje bila kibali. Lakini mkataba huo hausimamii kipande kinachopanda basi kuja Newala. Hicho tunakisimamia mimi na wewe.

Tufanye nini? Kwanza, tusinunue papa wachanga. Kikikosa mnunuzi huku juu, hakitaletwa. Pili, tubadilishe kitoweo. Tuna mbaazi, kunde na kuku, na dagaa hupatikana sokoni. Tatu, wenye ndugu pwani tuwahimize wajiunge na vikundi vya usimamizi wa fukwe. Humo wavuvi wenyewe hupanga namna ya kutunza samaki wao. Wavuvi si adui zetu. Papa akiisha, wao ndio watakaolala njaa kwanza, na sisi tutafuata.

Niliporudi Masasi nilimweleza yule mama yote niliyoyaona. Alinyamaza kidogo. Kisha akachukua papa mmoja mdogo mezani pake, akamtazama, akasema, "Kumbe huyu alikuwa mtamba."

Ndugu msomaji, jioni ya leo waulize wazee wa kijijini kwako: zamani kipande cha papa kilikuwa na ukubwa gani? Kisha zungumzeni. Akiba haiozi, na akiba nyingine imo baharini.