Leseni Isiyo na Tarehe ya Mwisho

Leseni niliyoijua mimi ilikuwa moja tu: ile ya biashara, iliyobandikwa ukutani juu ya mashine ya risiti ya EFD. Leseni za programu nilikuwa nazipita kama watu wanavyompita mhubiri wa Mnazi Mmoja, kichwa chini, hatua ndefu. Programu ni ya bure, sasa nisome nini?

Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya stoo kwa maduka ya jumla ya Kariakoo. Mteja wangu wa kwanza ni mama mmoja muuza vitenge Mtaa wa Kongo. Shida yake ilikuwa mawinga. Winga, dalali wa mtaani, anasimama mlangoni na mteja aliyetoka Tunduma au Lubumbashi, anauliza, "Mama, ile ya bluu yapo majora mangapi?" Asipojibiwa hapohapo anahamia duka la pili, na stoo iko ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu. Kwa hiyo hesabu niliiweka mahali pawili: daftari kamili kwenye diski, kwa MariaDB, na nakala ya haraka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa Redis. Redis ni kama vile vipande vya mfano vinavyoning'inia mbele ya duka. Huendi stoo kila ukiulizwa.

Tarehe 20 Machi 2024 kampuni yenye jina la Redis ikatangaza kwamba matoleo yajayo yanaachana na leseni ya BSD, ile fupi inayoruhusu karibu kila kitu. Leseni mpya zilikusudia hasa kuyabana makampuni makubwa yanayoikodisha Redis yenyewe kama huduma. Hayo nayajua leo. Siku ile nilisoma kichwa cha habari tu, nimening'inia kwenye daladala ya Gongo la Mboto, nikaona kilemba. Aliyewahi kupanga fremu Kariakoo ananielewa: unatoa kilemba, ile pesa ya kuingilia, unajenga wateja, kisha mwenye nyumba anakuja na masharti mapya.

Usiku huo nikaing'oa Redis kwa pupa na kuandika kitu changu cha kuziba pengo. Jumamosi mfumo ukasema majora ya bluu yapo 40. Stoo yalikuwepo 14. Winga alishapokea pesa, mteja akakosa basi lake. Mama hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hayo masharti uliyoyakimbia, uliyasoma?"

Nikakaa nikayasoma, ya zamani na mapya. La kwanza nililoliona lilinitia aibu: mimi sikuguswa. Sikodishi Redis, nauza mfumo wa vitenge. La pili ndilo lililonibadilisha. Toleo la 7.2.4 lilikuwa limeshatoka chini ya BSD, na ruhusa iliyokwisha kutolewa hivyo hairudishwi mfukoni. Yeyote angeweza kulichukua toleo lile na kuendelea nalo. Na wakalichukua: tarehe 28 Machi, siku nane tu baadaye, Linux Foundation ikatangaza Valkey.

Kuchukua toleo na kuliendeleza kivyako hivyo, wenyewe tunaita foki. Mtu wa mtaani akisikia anadhani kuna aliyefoka, na kweli kulikuwa na kufoka. Foki husifiwa kuwa kazi ya "jamii", ila tusidanganyane na neno hilo: miongoni mwa walioisimamia Valkey walikuwamo wahandisi wa Amazon, Google na Ericsson, makampuni ambayo hayajawahi kukosa nauli. Mnyonge kama mimi alipata kivuli cha mti ambao hakuupanda.

Halafu nikageuka kutazama vilivyomo kwenye mashine yangu mwenyewe. MariaDB, niliyoitumia miaka yote kwa mazoea, nayo ni foki! Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, aliitoa humo mwaka 2009, MySQL ikiwa mbioni kuangukia mikononi mwa Oracle, akaipa jina la binti yake Maria. Ankara za mama nachapa kwa LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, Oracle ileile ikiwa imeshainunua Sun, kampuni iliyokuwa nyuma ya OpenOffice. Na OpenOffice ndiyo ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliivisha Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice. Hapo Mlimani waliijua ruhusa ya kuchukua na kubadilisha miaka ishirini kabla yangu. Na jina tunalo, programu huria, ila sikio langu lilikuwa limesikia "bure". Chuo Kikuu Huria kipo Kinondoni na ada wanalipa. Sijui kwa nini sikuwahi kuunganisha.

Kuhamia Valkey kulinichukua mchana mmoja. Amri zilezile, lango lilelile la 6379, hesabu zikarudi. Mei 2025 Redis nayo ikaongeza leseni ya AGPL, ambayo ni huria. Sikurudi. Sina kinyongo nao, nimezoea tu nilipo.

Siku hizi sisakinishi kitu kabla ya kufungua faili la leseni. Ile ya BSD niliichapa, ukurasa mmoja, mama akaniruhusu niibandike kando ya leseni yake. Mwezi uliopita akapita afisa biashara kukagua. Akaisoma ya mama, akaandika. Akaisogelea ya pili, akavua miwani, akavaa tena.

"Hii mbona haina tarehe ya kuisha?"

"Hiyo ya kijana wangu," mama akajibu huku anakunja kitenge. "Yake haiishi."